Nani Alilipwa Versailles

Alasiri ya tarehe 28 Juni 1919, Wajerumani wawili waliingizwa katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, karibu na Paris, waje kutia sahihi kushindwa kwa nchi yao. Mmoja alikuwa Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa na wiki moja tu kazini. Wa pili alikuwa Johannes Bell, waziri wa usafirishaji ambaye pia alikabidhiwa wizara ya makoloni. Bell hatajwi sana katika vitabu vya historia, lakini kwetu jina lake lina uzito wake: mkataba ulioitoa Afrika Mashariki ya Kijerumani mikononi mwa Ujerumani ulitiwa sahihi na waziri aliyekuwa na dhamana ya nchi hiyo.

Kila kitu siku ile kilipangwa kiumize. Ilikuwa miaka mitano kamili tangu Mwanamfalme Franz Ferdinand wa Austria auawe Sarajevo. Ukumbi wenyewe ndio ambamo, tarehe 18 Januari 1871, Wajerumani walioishinda Ufaransa walimtangaza mfalme wa Prussia kuwa Kaizari. Mkutano wa amani nao ulifunguliwa Paris tarehe 18 Januari 1919. Waziri Mkuu wa Ufaransa, Georges Clemenceau, aliagiza waletwe askari watano wa Kifaransa walioharibiwa nyuso vitani, wakasimamishwa mahali ambapo wajumbe wa Ujerumani wasingekosa kuwaona. Hao watano hawakupewa nafasi ya kusema. Nyuso zao zilitosha kuwa hati ya mashtaka.

Mtu anayeuliza kama taifa lililoshindwa vita liadhibiwe vikali au liachwe lipumue hana budi kupita Versailles, kwa sababu pale swali hilo lilijibiwa mbele ya dunia nzima na jibu likaleta maafa. Hadithi iliyozoeleka ni nyepesi mno: Ujerumani ilikandamizwa, ikapandwa na hasira, akazaliwa Hitler. Ninaona hadithi hiyo inaruka jambo kubwa, na jambo hilo linaonekana vizuri zaidi kutoka Kalenga, Songea na Dodoma kuliko kutoka Paris.

Tuanze na Wafaransa, maana hawakukurupuka. Mwaka 1871 wao ndio walioadhibiwa. Kwa Mkataba wa Frankfurt walitozwa faranga bilioni 5 na kunyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine, na majeshi ya Ujerumani yakabaki katika ardhi yao kama dhamana mpaka deni liishe. Wafaransa walijifunga mkanda, wakakopeshana wao kwa wao, wakamaliza kulipa Septemba 1873, kabla ya muda. Fedha iliisha, kinyongo hakikuisha. Katika uwanja wa Concorde mjini Paris, sanamu inayowakilisha mji wa Strasbourg ilivishwa maua na vitambaa vya msiba kwa miaka zaidi ya arobaini. Clemenceau alikuwa kijana mwaka ule wa 1871, meya wa Montmartre na mbunge, mmoja wa waliokataa katika kura kuidhinisha amani hiyo. Alipokaa kitini Versailles alikuwa mzee wa miaka 77, na mwilini alikuwa na risasi ambayo madaktari waliiacha humo baada ya jaribio la kumuua mwezi Februari.

Na safari hii hasara ilikuwa ya kutisha. Ufaransa ilipoteza askari wapatao milioni 1.4. Sehemu kubwa ya vita vya magharibi ilipiganwa kwenye mashamba na miji yake ya kaskazini, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walijaza maji migodi ya makaa ya mawe ya Lens ili isifanye kazi kwa miaka. Viwanda vya Ujerumani, kinyume chake, vilikuwa vimesimama vyema, mabomba yakitoa moshi. Mkulima wa Kifaransa aliyerudi akakuta shamba lake limekuwa mashimo ya mizinga alikuwa na haki ya kuuliza nani atafukia mashimo hayo. Anayemlaumu Clemenceau kwa kudai fidia ajiulize yeye angemwambia nini mkulima huyo.

Ujerumani nayo ilikuwa imeonyesha jinsi ambavyo ingetenda kama ingeshinda. Machi 1918, huko Brest-Litovsk, iliilazimisha Urusi ya mapinduzi kuachia Ukraine, Poland, Finland na nchi za Baltiki. Miezi kumi na tano baadaye wanasiasa wa Berlin wakalia kwamba amani ya kulazimishwa ni dhuluma.

Woodrow Wilson wa Marekani alikuja na Nukta Kumi na Nne na ahadi ya amani isiyo ya kisasi. David Lloyd George wa Uingereza alitoka kwenye uchaguzi wa Desemba 1918 ambao wagombea wake waliwaahidi wapiga kura kwamba Mjerumani atakamuliwa hadi tone la mwisho. Lakini mwezi Machi, akiwa amejitenga na wasaidizi wake Fontainebleau mwisho wa wiki, Lloyd George aliandika waraka wa tahadhari: unaweza kumnyang'anya Mjerumani makoloni na kulipunguza jeshi lake liwe la polisi tu, lakini akiona ameonewa atatafuta njia ya kuwalipiza walioshinda. Aliyajua hayo, akayaandika, na bado akaendelea kudai kwenye bili mafungu ambayo yangeongeza mgawo wa Uingereza, yakiwemo malipo ya uzeeni ya askari na ya wajane. Wilson alipinga mwanzoni, kisha akakubali.

Wajerumani hawakushirikishwa katika majadiliano. Waliitwa tarehe 7 Mei, wakakabidhiwa kitabu kizima chenye ibara 440. Kiongozi wao, Ulrich von Brockdorff-Rantzau, alijibu akiwa ameketi, na washindi wakachukulia kuwa ni ufidhuli. Yaliyomo yalikuwa mazito. Alsace na Lorraine zirudi Ufaransa. Poland ipate ukanda wa kufika baharini. Bonde la Saar litawaliwe na Shirikisho la Mataifa kwa miaka 15. Jeshi lisizidi watu 100,000, pasiwe na ndege za kivita wala nyambizi. Makoloni yote yaachwe. Kansela Philipp Scheidemann alikataa kusaini, akajiuzulu. Tarehe 21 Juni mabaharia wa Kijerumani waliozuiliwa Scapa Flow, kaskazini mwa Scotland, walizizamisha meli zao wenyewe ili zisitwaliwe. Washindi wakatishia kuanza tena vita, bunge la Ujerumani likasalimu amri, na Müller na Bell wakapanda treni.

Kikubwa ambacho washindi hawakukifanya ni kuwaonyesha Wajerumani kwamba wameshindwa kweli. Vita vilisimamishwa tarehe 11 Novemba 1918, majeshi ya Ujerumani yakiwa bado katika ardhi ya watu wengine. Yalirudi nyumbani kwa miguu yao, yakapita Berlin mwezi Desemba yakipigiwa makofi, na Friedrich Ebert, kiongozi wa serikali mpya, akawaambia hakuna adui aliyewashinda. Alitaka kuwafariji wanaume waliochoka. Mwaka uliofuata Jemadari Hindenburg, ambaye alikuwa mkuu wa jeshi lililoomba vita visimame, alisimama mbele ya kamati ya bunge akadai kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na raia. Mzigo wa kusaini ukawa juu ya wanasiasa wa jamhuri changa, wakati majenerali waliopoteza vita walibaki na heshima zao. Matthias Erzberger, aliyeongoza ujumbe uliosaini kusimamisha vita, alipigwa risasi akafa Agosti 1921.

Wakati wakubwa wakibishana Paris, huku kwetu vita vilikuwa vimeisha juzi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani huku, alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Alizungukwa na sifa mpaka alipokufa: jenerali asiyeshindwa. Waliobeba sifa hizo mabegani walikuwa wapagazi. Waingereza peke yao waliwachukua Waafrika wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu, wakabebe risasi na vyakula kutoka Voi hadi mto Rufiji na kusini hadi Msumbiji, na idadi ya waliokufa inakadiriwa kufikia karibu laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, na mishahara ya wengi wa hao waliokufa haikuzifikia familia zao.

Ugogo, upande wa Dodoma, mambo yalikuwa mabaya kupita kiasi. Majeshi ya pande zote mbili yalipita pale kwenye reli ya kati, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kulima. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba yoyote ghalani. Wagogo waliipa njaa hiyo jina, Mtunya, na kwa miaka mingi watu walihesabu umri kwa kuianzia hiyo. Homa kali ya mafua ya 1918 ikawakuta wakiwa mifupa mitupu. Hawakuwa taifa lililotangaza vita. Hawakuwa hata raia wa nchi yoyote iliyopigana, bali watawaliwa tu. Kama kuna waliostahili kuwa wa kwanza kwenye orodha ya fidia, ni hao, na katika ibara zote 440 hawatajwi.

Walichotajiwa ni mgawanyo. Siku ile ile ya 7 Mei 1919 ambapo Wajerumani walikabidhiwa kitabu chao, wakubwa wa Paris waliiweka Afrika Mashariki ya Kijerumani chini ya Uingereza. Ubelgiji, ambayo askari wake kutoka Kongo ndio walioiteka Tabora mwaka 1916, ilikuja juu. Zikafanyika siku za mazungumzo kati ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, na kufikia tarehe 30 Mei wakaafikiana: Rwanda na Burundi zichukuliwe na Wabelgiji. Ureno ikapewa kipembe cha Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Sehemu iliyobaki ikapewa jina la Tanganyika mwaka 1920. Hakuna Mhaya, Mmakonde, Mnyarwanda wala Mswahili wa Bagamoyo aliyeulizwa. Adhabu ya Ujerumani ilikuwa kunyang'anywa watu, kama mdaiwa anavyonyang'anywa mbuzi.

Sababu iliyotolewa ndiyo inayonikera zaidi. Washindi walipowajibu Wajerumani mwezi Juni 1919 walisema Ujerumani haifai kurudishiwa makoloni kwa kuwa iliwatendea wenyeji ukatili. Walisema kweli. Namibia, Waherero na Wanama waliuawa kwa maelfu kati ya 1904 na 1908, na Waingereza walikusanya ushahidi huo katika ripoti rasmi ya 1918. Kwetu kulikuwa na Majimaji.

Hapa tukae kidogo, maana Majimaji ni somo la jinsi Ujerumani yenyewe ilivyoadhibu walioshindwa. Vita hivyo vya kuupinga utawala wa Kijerumani vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, na kufikia 1906 wapiganaji wenyewe walikuwa wamevunjwa nguvu kwa bunduki za mtombo. Lakini serikali ya Gavana von Götzen haikuishia hapo. Kapteni Wangenheim alimweleza gavana kwamba risasi hazitamaliza kazi, njaa ndiyo itakayowatiisha. Vijiji vikachomwa, mashamba yakafyekwa, maghala yakateketezwa, mifugo ikaswagwa. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Wangoni walinyongwa kwa makumi mahali ambapo leo pana Makumbusho ya Majimaji, mjini Songea, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Wazao wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Hesabu ya Wajerumani ya waliokufa katika vita vyote ilikuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wameipandisha hadi 250,000 na 300,000, na wengi wao ni watoto na wanawake waliokufa baada ya mapigano kwisha. Sehemu kubwa ya kusini ilirudi kuwa pori, na ndipo tembo na mbung'o walipochukua mashamba ya watu.

Mkataba wa Versailles ungeweza kusema: kwa kuwa Ujerumani iliwatenda hivi watu wa Songea, Mahenge na Kilwa, iwalipe. Haukusema. Ukatili ule ulitumika kama ushahidi wa kuhamisha shamba kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, kisha ukafungiwa kabatini. Ripoti ile ya Namibia iliondolewa kwenye maktaba na ofisi za serikali mwaka 1926, walowezi wa Kijerumani walipokuwa wanahitajika tena katika siasa za huko.

Kuna ibara moja tu inayomtaja Mwafrika wa nchi yetu kwa jina, nayo ni ibara ya 246. Inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, imrudishie mfalme wa Hejaz msahafu wa Khalifa Uthman, na ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndiye aliyekisaga kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilipovunjwa mwaka 1894 aliingia msituni, akapigana miaka minne zaidi, na Julai 1898 alijipiga risasi asishikwe. Wajerumani wakamkata kichwa. Aliyetoa wazo la kukidai alikuwa Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza wa eneo lililotekwa, na hoja yake ilikuwa ya kisiasa: Wahehe waliwasaidia Waingereza vitani, na kurudi kwa fuvu kungewaonyesha watu kwamba nguvu ya Mjerumani imekwisha.

Soma ibara yenyewe uone kichwa kilipaswa kukabidhiwa kwa nani. Si kwa ukoo wa Mkwawa. Si kwa Wahehe. Kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Ujerumani ilijibu kwamba haijui fuvu hilo liko wapi, London ikaandika barua kadhaa, kisha ikaliacha jambo hilo lilale kwa zaidi ya miaka thelathini. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba tumekuwa tukiuliza swali pungufu. Kwa miaka mia wasomi wamegombania ukali wa adhabu ya Ujerumani, umezidi au umepungua, na ni wachache walioangalia adhabu ile iliingia mfukoni mwa nani. Palipokuwa na kitu cha kuchukua, aliyeshika mpini alikichukua. Aliyedhulumiwa alitumika kama shahidi, akaambiwa aende zake.

Tazama pia nani hakuadhibiwa. Ibara ya 227 iliagiza Kaizari Wilhelm ashtakiwe. Alikimbilia Uholanzi, Waholanzi wakakataa kumtoa, akaishi Doorn akipasua kuni hadi alipokufa mwaka 1941. Washindi walitengeneza orodha ya watuhumiwa wa uhalifu wa kivita wapatao 900. Ikakatwa hadi 45. Waliofikishwa mbele ya mahakama ya Leipzig mwaka 1921 walikuwa 12, na waliotiwa hatiani ni nusu yao, kwa vifungo vya miezi au miaka michache. Wenye majina waliponyoka, na taifa lisilo na uso likabeba kosa. Mtoto aliyezaliwa Hamburg mwaka 1920 alizaliwa akiwa mshtakiwa.

Kosa hilo liliandikwa katika ibara ya 231, ambayo ilisema Ujerumani na washirika wake wanakubali dhamana ya hasara zote zilizotokana na vita walivyowaletea wenzao. Mmoja wa walioiandika alikuwa mwanasheria wa Kimarekani wa miaka 31, John Foster Dulles. Lengo lake lilikuwa kupata msingi wa kisheria wa kudai, na ibara iliyofuata ikakiri papo hapo kwamba Ujerumani haina uwezo wa kulipa yote. Wajerumani hawakuisoma hivyo. Waliona wameandikiwa wao peke yao kwamba ndio wenye hatia, na kila chama, cha kushoto hadi cha kulia, kiliichukia ibara hiyo.

Bili ilitoka Mei 1921: marki za dhahabu bilioni 132. Humo ndani mlikuwa na ujanja. Bilioni 82 ziliwekwa katika hati ambazo wataalamu walijua hazitalipwa kamwe, na deni la kweli lilikuwa bilioni 50. Wanasiasa wa Paris na London waliihitaji tarakimu kubwa wawaonyeshe wapiga kura wao. Lakini gazeti la Munich nalo liliichapa tarakimu hiyo hiyo kubwa. Mtu akaona ameambiwa alipe mpaka wajukuu wake, hata pale alipokuwa halipi.

Januari 1923, baada ya Ujerumani kuchelewesha mbao, nguzo za simu na makaa ya mawe, Ufaransa na Ubelgiji ziliingiza majeshi bonde la Ruhr. Wafanyakazi wakagoma, serikali ikachapa noti za kuwalipa waliogoma, na kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Wafanyakazi walilipwa zaidi ya mara moja kwa wiki na kukimbilia madukani kabla bei hazijapanda. Mjane aliyeweka akiba maisha yake yote hakuweza kununua nayo mkate. Viwanda vikubwa vilivyokuwa na madeni ya marki vilifutiwa madeni kwa karatasi zisizo na thamani. Hata ndani ya Ujerumani, kwa hiyo, adhabu ilimpiga asiyekuwa na uwezo wa kuikwepa.

John Maynard Keynes, aliyekuwa mjumbe wa hazina ya Uingereza Paris, alijiuzulu Juni 1919 na kufikia Desemba alikuwa ametoa kitabu kilichotabiri maangamizi ya uchumi. Kilisomwa sana, kikawafanya Waingereza wengi waone aibu. Étienne Mantoux, Mfaransa aliyefariki vitani Aprili 1945, aliandika kitabu cha kumpinga kilichotoka baada ya kifo chake: Ujerumani ingeweza kulipa, ilikuwa haitaki tu, na ushahidi ni fedha ilizozipata Hitler alipoamua kujenga jeshi. Katika hesabu namwona Mantoux ana nguvu zaidi. Ujerumani ililipa marki zipatazo bilioni 20 tu kabla ya fidia kusimamishwa Lausanne mwaka 1932, na kwa miaka kadhaa ililipa kwa kukopa Marekani. Keynes alikuwa sahihi katika jambo jingine, kwamba bara zima haliwezi kupona wakati moyo wake umefungwa kamba. Wala Hitler hakuzaliwa Versailles peke yake. Uchaguzi wa 1928 ulimpa chini ya asilimia 3 ya kura, miaka tisa baada ya mkataba. Alihitaji mdororo wa 1929 na watu milioni sita wasio na kazi. Mkataba ulimpa maneno ya kuwaambia.

Makoloni yalikuwa miongoni mwa maneno hayo. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na kufikia miaka ya 1930 walikuwapo kwa maelfu, baadhi yao wakipandisha bendera ya swastika mashambani. Machi 1938 serikali ya Neville Chamberlain ilimtumia Hitler pendekezo la kumshirikisha upya katika utawala wa maeneo ya Afrika ya kati. Hitler hakulijali. Waafrika wa maeneo hayo hawakuulizwa, safari hii ikiwa ni kwa ajili ya kumbembeleza Mjerumani. Ukali uliwapangia mtawala, na upole nao ukawa tayari kuwapangia mwingine.

Tarehe 22 Juni 1940 Wafaransa walilazimishwa kusaini kushindwa kwao huko Compiègne, ndani ya behewa lile lile ambamo Wajerumani walisaini kusimamisha vita mwaka 1918. Hitler aliagiza litolewe katika jumba la makumbusho kwa ajili hiyo.

Mwaka 1945 washindi walikuwa na kumbukumbu ya yote haya, na walianza kwa ukali zaidi kuliko 1919. Ujerumani ilikaliwa nchi nzima, ikakatwa vipande vinne. Wajerumani wapatao milioni 12 walifukuzwa au kukimbia kutoka mashariki. Warusi waling'oa viwanda na reli wakasafirisha kwao. Waziri wa fedha wa Marekani, Henry Morgenthau, alikuwa amependekeza nchi hiyo ibaki ya wakulima na wafugaji. Lakini jambo moja lilikuwa jipya: Nuremberg. Majina 22 yalihukumiwa, mmoja hayupo, 12 wakapewa hukumu ya kifo, watatu wakaachiwa huru. Mjerumani wa kawaida aliweza kuona kwamba kosa lina mwenyewe. Na safari hii hakuna aliyeweza kumdanganya kwamba jeshi halikushindwa, maana alikuwa amekaa juu ya kifusi.

Kisha vita baridi vikageuza upepo. Marekani ilimwaga dola zipatazo bilioni 13 Ulaya ya Magharibi kwa Mpango wa Marshall, Ujerumani Magharibi ikapata takriban bilioni 1.4. Tarehe 27 Februari 1953, mjini London, wadai wake walikubali kufuta karibu nusu ya madeni ya nje, na kilicholipwa kilipimwa na uwezo wa nchi kuuza bidhaa nje. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo alikuwa John Foster Dulles, yule yule wa ibara ya 231. Ujerumani ikainuka, ikawa jirani mwema wa Ufaransa. Watetezi wa huruma huushika mkataba huo kama ushahidi wao, na wana haki. Ila nao una upande wa pili: madai ya fidia ya Vita vya Pili yaliahirishwa hadi suluhu ya mwisho, na Wagiriki ambao vijiji vyao vilichomwa wameendelea kupiga hodi hadi karne hii. Huruma ya London ilitolewa na watu ambao wengi wao hawakuwa ndio waliochomewa nyumba.

Tarehe ile, 27 Februari, kila mwaka Songea huwakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Sidhani waliokaa London wakisamehe madeni walilijua hilo.

Mwaka uliofuata mkataba huo wa London, fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000, kati yake 84 yakitoka Afrika Mashariki ya zamani. Yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya wazao wa Mkwawa, likateuliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa shujaa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Wahehe walilipokea.

Malipo ya mwisho yaliyotokana na Versailles yalitoka Berlin tarehe 3 Oktoba 2010. Ilikuwa riba ya hati za mikopo ambayo Ujerumani ilichukua miaka ya 1920 na 1930 ili ilipe fidia, na waliolipwa ni wenye hati. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la babu yao. Fidia hakuahidi. Familia za Ungoni hazikuwa na hati ya mkopo ya kupeleka Berlin. Ushahidi walio nao ni makaburi, majina ya walionyongwa na kumbukumbu ya njaa, na nadhani unatosha kwa serikali yetu kuupeleka mezani kama dai, bila kusubiri mshindi mwingine audai kwa niaba yao.